Nataka kufuga kaligono Mji Mkongwe, tangi nshajaza maji, samaki nitie lini?

mie_wa_Vuga:
Asalaam aleikum ndugu zangu. Nna tangi la kioo sm 150 kwa 50 kwa 50, nshalitia maji ya kisima tangu Ijumaa, filta inazunguka na maji meupe pe. Kuna jamaa yangu anatoka Mbamba Bay mwisho wa mwezi kaniahidi kaligono wanne wadogo, wale wa Ziwa Nyasa wenye mabaka ya kahawia, wanajilaza ubavu mchangani kama maiti halafu kisamaki kikija kudonoa wanakimeza. Niliwaona kwa mtu Dar nikakaa mbele ya kioo saa nzima sitaki kuondoka. Lakini mwaka jana nilitia perege watatu siku ya pili tu baada ya kujaza, siku ya nne naamka alfajiri wanahema juu ya maji mashavu yamewaiva, mpaka magharibi wote wamekwisha. Iliniuma sana na sitaki irudi. Na hawa nasikia waoga, mtu akipita tu wanajibamiza kwenye kioo. Tangi liko ghorofa ya pili nyumba ya zamani, karibu na mlango wa sebule.

baba_wa_Chake:
Waaleikum salaam. Pole sana, perege wako waliuliwa na amonia. Samaki anaitoa kwenye mashavu kila akipumua, na chakula kikioza ndo inazidi, na maji kuwa meupe hakukwambii kitu kwa sababu amonia haionekani. Inatakiwa bakteria waigeuze iwe nitriti, nayo ni sumu, halafu bakteria wengine waigeuze nitrati ambayo unaipunguza kwa kubadilisha maji. Hao bakteria hawaelei majini, wanashika kwenye sponji la filta na kwenye mchanga na mawe, na kuzaliana kwao ni taratibu, hesabu wiki 4 mpaka 6. Kwa hiyo mwambie jamaa yako mwisho wa mwezi asubiri.
Nenda Darajani kanunue kamba mbichi wawili, watie kwenye soksi safi uitumbukize, waache waoze humo humo, watoe amonia ya kuwalisha bakteria. Itanuka kidogo, vumilia. Tafuta vipimo vya amonia na nitriti, vya matone sio vile vya karatasi. Amonia itapanda, ikizidi sana toa soksi, halafu nitriti nayo itapanda mpaka utadhani haishuki tena, halafu siku moja unapima unakuta imeanguka. Amonia sifuri na nitriti sifuri, na ukitia amonia tena kesho yake zote zimeliwa, hapo ndo tayari.
Maji ya visima vyetu vingi yanapita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, inakaa kwenye 8 hivi, na Ziwa Nyasa ni hivyo hivyo kwa hiyo kwa kaligono ni neema. Ila hapo hapo ujue kwenye pH 8 amonia ile ile ina sumu karibu mara kumi kuliko kwenye pH 7. Na yaonje kwanza, kisima kikiwa karibu na bahari kinaweza kuwa na chumvi.

fundi_Malindi:
Shekhe mie naanza na hilo la ghorofa. Maji peke yake ni kilo 375, tia kioo, mchanga na mawe unapita nusu tani, na hizo nyumba sakafu ya juu ni boriti za mikoko zimewekwa mawe na chokaa, nyengine zishaliwa na mchwa ndani huzioni. Nakuomba lishushe chini, tena sasa kabla bakteria hawajaanza kazi, hutapoteza kitu.
Na huko chini usiliweke mlangoni. Liinue kwenye meza ya chuma lifike kifuani, samaki anayeona watu wanamjia kwa juu anadhani ni ndege anataka kumnyakua. Bandika karatasi nyeusi nyuma na ubavuni, panga mawe makubwa yawe na mapango, lakini mbele acha mchanga mtupu mlaini maana kaligono asiye na pa kulala hafanyi kile unachokipenda. Siku utakayowatia samaki usiwashe taa kabisa. Na mfuniko, tafadhali, akishtuka usiku anaruka utamkuta sakafuni kakauka.

Bi_Mkwajuni:
Mie nilipoteza samaki umeme ulipokatika usiku kucha, ile filta ya kopo iliyofungwa bakteria walikosa hewa wakafa, umeme uliporudi ikamwaga uoza wote tangini. Nunua pampu ya hewa ya betri, na ukikaa bila umeme masaa mengi fungua filta uoshe sponji kwa maji ya tangi lenyewe kabla ya kuwasha, usioshe na maji ya bomba yenye klorini. Hita huku huhitaji. Mwanangu, mie nna sponji la filta la mwaka mzima, njoo na ndoo nikukatie kipande, ukikitia kwenye filta yako utapunguza wiki kadhaa. Kisilale kikavu njiani.

mie_wa_Vuga:
Mungu awalipe. Leo tumelishusha watu wanne, sakafu ya juu tulipokuwa tunaliinua ikalia, nikashukuru. Jamaa kasema kaligono anawaacha kwa mvuvi mpaka nimpigie. Bi Mkwajuni, kesho baada ya Alasiri nakuja na ndoo, nije na kamba pia au sponji linatosha?

Bi_Mkwajuni:
Njoo nao. Hao bakteria wakifika bila chakula watakufa na njaa.