Mrejesho: mume wangu ana VVU, mimi sina, na tulitaka mtoto

Niliuliza hapo awali kama ni lazima tukusanye fedha za kuosha mbegu za kiume maabara, yaani kuzitenganisha na majimaji yanayoweza kuwa na virusi kabla ya kumpandikizia mke, njia ambayo madaktari wa Milan nchini Italia waliieleza mwaka 1992, kabla ya tiba za leo. Nawashukuru kwa dhati wote walionijibu na kunisihi nisianze na maabara, bali na CTC, kliniki ya huduma na tiba ya VVU anakochukulia dawa mume wangu.

Tulikwenda pamoja. Muuguzi alitueleza kwamba mtu anayemeza ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, kila siku, na ambaye kipimo cha wingi wa virusi hakivioni kwenye damu yake, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia mamia ya wenzi waliokuwa wakijamiiana bila kondomu, na haukupata hata maambukizi moja yaliyotoka kwa mwenzi aliyekuwa kwenye tiba. Nililia pale pale, maana miaka yote tulikuwa tumeishi kwa hofu.

Hata hivyo hatukuharakisha. Tulisubiri kipimo cha pili cha mume wangu kithibitishe kwamba virusi havionekani kwenye damu yake, tukatibiwa fangasi niliyokuwa nayo, nami nikachagua kumeza dawa kinga dhidi ya VVU kwa utulivu wa moyo wangu, kisha tukaacha kondomu katika siku za rutuba pekee, takribani wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata.

Sasa nina ujauzito wa miezi mitano. Vipimo vyangu vyote vya VVU hadi leo ni hasi, na nitaendelea kupimwa hadi nitakapoacha kunyonyesha.