Tupeane uzoefu: siku jumba la sanaa lilipokufanya ujione mgeni, au mwenyeji

Mtazamaji: Wadau, nimetoka kwenye maonyesho. Kibandiko kando ya mchoro kimejaa maneno mazito kuhusu umbo na utupu, na mimi nilitaka kujua tu yule mtoto analia nini. Leteni mikasa. Waliofurahia nao waseme.

Rangi Mbili: Yamenikuta sana tu.

Binti Sanaa: Umenikumbusha mbali. Mama yangu alipoteza uwezo wa kuona ukubwani, na kabla ya hapo maonyesho yalikuwa hayampiti. Nikampeleka. Tumefika kwenye sanamu ya kwanza, akanyoosha mkono kama anayetaka kusalimia. Mlinzi akafoka, "We mama! Hairuhusiwi!" Ukumbi mzima ukageuka. Mama akaurudisha mkono, akaninong'oneza twende nyumbani. Jamani niliumia. Tukiwa mlangoni akaja mlinzi mwingine, dada wa makamo: "Shikamoo mama. Njoo nikuelezee mchoro ninaoupenda mimi." Akaanza: mwanamke amekaa kwenye ngazi, gauni rangi ya kutu, mwanga unamwangukia begani tu. Mama akauliza, "Amevaa viatu?" Dada akainama kutazama. "Mguu mmoja tu, mama." Watu wakaanza kusogea kutafuta kiatu cha pili! Tulikaa pale mpaka wakataka kufunga.

Rangi Mbili: Nimelia.

Mhifadhi: Pole dada. Ila yule wa kwanza alikuwa kazini. Jasho na mafuta ya vidole hula shaba na kuchafua jiwe. Madhara ya mkono mmoja hayaonekani. Maelfu ya mikono ndiyo yanayoimaliza sanamu.

Kalamu Nyeusi: Kwa hiyo asiyeona abaki nje? Mwaka 2015 jumba la Prado, Madrid, liliweka nakala zenye miinuko za michoro yake, ruksa kupapasa.

Mhifadhi: Nakala naziunga mkono. Usinilishe maneno.

Kalamu Nyeusi: Na kufoka je, nako ni uhifadhi?

Mzee wa Fremu: Wanangu, tulieni. Mimi nimebaki kwa yule dada. Anayesimama na mchoro kutwa nzima anaujua vingine kabisa. Mwaka 2022 jumba la sanaa la Baltimore, Marekani, liliwapa walinzi wake 17 kazi ya kuchagua na kuandaa maonyesho. Huo ndio mwendo.

Magurudumu: Vibandiko pia mvitazame. Natumia kiti cha magurudumu. Herufi ndogo za kijivu, ukuta mweupe, juu, na taa inamulika kioo cha fremu: kwa chini naona mng'aro mtupu.

Mtazamaji: Hilo sikuliwaza kabisa, mkuu.

Rangi Mbili: Ushauri wangu, vibandiko msivisome kabisa. Simama, tazama, jiulize wewe unaona nini.

Mzee wa Fremu: Hapana, soma kwanza. Usipomjua aliyechorwa unapita tu.

Kalamu Nyeusi: Chagua mchoro mmoja ambao ungeuiba, kaa nao nusu saa. Usiuibe lakini.

Pembezoni: Sisi tulio mbali na majumba? Mwaka 2017 SFMOMA, jumba la sanaa ya kisasa la San Francisco, Marekani, lilianzisha huduma: ulituma ujumbe wa simu wenye neno kama "bahari", ukarudishiwa picha ya kazi iliyomo kwenye hazina yao. Ningependa wengi waige.

Mhifadhi: Picha ya simu si mchoro.

Pembezoni: Kwako wewe unayeishi jirani nao.

Binti Sanaa: Mwenye kujua jumba lenye mwongozaji wa kuwaelezea wasioona, aniambie siku zake. Mama anataka kwenda tena.