Gundi ya moto, gundi ya baridi au polishi kavu: ipi nzuri kuandaa gurudumu la kupolishi?

ChumaSafi
Wakuu habari zenu. Nina magurudumu ya pamba yaliyoshonwa, ya sm 20, mota inapiga mizunguko 2,800 kwa dakika. Polishi ya mche (ile ngumu ya kipande kama mche wa sabuni) ninayo na inang'arisha fresh, shida haiondoi mikwaruzo ya msasa kwenye stenilesi, yani chuma kinawaka halafu mikwaruzo ndo inaonekana vizuri zaidi. Nataka gurudumu linalokula chuma kidogo kabla sijafika kwenye mche. Naona njia tatu: gundi ya moto inayotokana na ngozi za wanyama, unaipaka gurudumu halafu unaliviringisha kwenye chembe za msasa, gundi ya baridi, au ile polishi kavu isiyo na mafuta inayokuja kwenye mrija. Mnaofanya hii kazi mnasemaje?

MzeeWaGrinda
Kijana, kama kazi ni nzito na ya kila siku, gundi ya moto. Ila ina masharti yake na watu wengi wanayaruka halafu wanailaumu gundi. Loweka gundi kwenye maji ya baridi mpaka ivimbe ndo uipashe, na sufuria yake ikae ndani ya sufuria nyingine yenye maji, isiguse moto. Shika nyuzi 60 mpaka 65, ikizidi sana hapo inapoteza nguvu, na kila ukiipasha upya inazidi kulegea kwahiyo tengeneza ya kukutosha siku hiyo tu. Mkono wa kwanza paka gundi tupu, iache ikauke. Mkono wa pili paka kisha viringisha kwa kukandamiza kwenye chembe, na chembe nazo uwe umezipasha, zikiwa baridi zinagandisha gundi kabla haijazishika. Rudia mara nyingine, kausha siku mbili. Chembe kubwa za namba 60 zinataka gundi nzito, za 180 zinataka nyepesi, la sivyo zinazama zote hazikati kitu.

Likishakauka usilifunge kwenye mota bado. Chukua bomba la chuma upige ukingo kwa mshazari, kwanza upande huu halafu upande ule, mpaka uso upasuke vimistari kama wavu. Usipopasua linakuwa gumu, linarukaruka juu ya kazi na gundi inabanduka vipande vipande.

PambaNaFelti
Shikamoo mzee. Hapo kwenye kupasua uso nakuunga mkono asilimia mia, na gundi ya baridi nayo inataka hivyohivyo. Mimi natumia ya baridi, nyingi msingi wake ni sodiamu silikati, jiko halihitajiki, haiozi ikikaa, na joto la kazi inalivumilia kuliko ya ngozi. Kwa stenilesi hilo ni jambo kubwa maana stenilesi inashika joto haraka sana. Kasoro yake ikikauka ni ngumu kwahiyo kwenye kazi yenye mikunjo mikunjo sio rafiki. Na gurudumu lenye mabaki ya gundi ya ngozi silipaki ya baridi juu yake, natoa yote mpaka nione pamba.

MamaVisu
Kaka ChumaSafi, kwa mtu mwenye mota moja na kazi za kila aina mi nakwambia chukua polishi kavu, hizo sufuria achana nazo kwanza. Ndani yake gundi, maji na chembe vishachanganywa. Unawasha mota, likishika kasi unazima, halafu unagusisha mrija wakati gurudumu linapungua kasi, msuguano unailainisha inahamia kwenye pamba. Subiri dakika kumi hivi ikauke, weka tabaka la pili, anza kazi. Likichoka unapaka tena palepale, wakati kwa gundi ya moto ungekuwa unasubiri siku mbili. Gurudumu linabaki laini linafuata umbo la kazi. Kweli haikati kwa nguvu kama la mzee na inaisha haraka, na mrija ukiuacha wazi inakauka inakuwa jiwe, kwahiyo funga kwa plastiki uweke sehemu ya baridi.

ChumaSafi
Asante dada. Naweza kupaka kwenye gurudumu ambalo lilishatumika na mche? Na kasi yangu si kubwa mno?

MamaVisu
Hapana, mche una mafuta na gundi haishiki kwenye mafuta. Chukua jipya, andika namba ya chembe ubavuni kwa kalamu, na lisitumike kwa namba nyingine kabisa, chembe moja kubwa ikipotea kwenye gurudumu la 240 inakuchorea kazi nzima.

Mizunguko
Kasi iko sawa. Sm 20 kwa mizunguko 2,800 ukingo unakwenda kama mita 29 kwa sekunde, polishi kavu inafanya kazi vizuri hapo. Ungeweka gurudumu kubwa zaidi ndo ningekwambia uangalie, joto lingeanza kulainisha gundi. Kila hatua pitisha kazi kwa kukingamana na mikwaruzo ya hatua iliyopita, sio kuifuata, utaona mapema kama imeisha. Shikia kazi chini ya nusu ya gurudumu, ncha kali iangalie kule gurudumu linakoelekea, vaa miwani na barakoa. Na kama utapolishi alumini pia, safisha kwanza vumbi lote la chuma, vumbi la alumini likikutana na cheche linawaka vibaya sana.