Mjadala: Vihisi vya Grafini vya Kupima Dengi, Vigharimiwe Sasa au Visubiri?

Mtoa hoja: Katika zahanati ninayofanyia kazi Dar es Salaam, mgonjwa mwenye homa kali na maumivu nyuma ya macho hupimwa malaria, na kipimo kikionyesha mstari mmoja tu, yaani hana malaria, huandikiwa antibiotiki, njiani hujinunulia diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo kwa mwenye dengi yaweza kuchochea kuvuja kwa damu. Tuliyaona hayo katika milipuko ya 2014 na 2019. Ndiyo maana nataka fedha za umma ziende kwenye vihisi vya grafini, lile tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja: kingamwili hupandikizwa juu yake, protini ya virusi ikinaswa mkondo wa umeme hubadilika, na jibu hupatikana kwa dakika chache.

Mchangiaji: Ndugu, ugonjwa ulioueleza naukubali, dawa yake ndiyo siikubali. Chumvi iliyomo katika damu huifunika chaji ya umeme kabla haijafika hata nanomita moja (sehemu moja ya bilioni ya mita) kutoka kwenye grafini, ilhali kingamwili yenyewe ina urefu wa nanomita kama kumi, hivyo protini iliyonaswa nchani mwake haihisiwi. Damu hubidi izimuliwe kwanza, na hapo kifaa cha zahanati kimeshageuka kazi ya maabara. Tena grafini haichagui virusi. Kinachochagua ni kingamwili, na nyingi kati ya zinazoshika dengi hushika pia Zika, jamaa yake aliyegunduliwa Uganda mwaka 1947. Vipimo vya haraka vya NS1, protini ya virusi vya dengi inayopatikana katika damu ya mgonjwa, vipo tayari kwa dengi, ugonjwa ambao wazee wa pwani waliuita kidingapopo zamani. Kinachokosekana ni kuvifikisha zahanati.

Mtoa hoja: La chumvi nimelipokea. Hata hivyo NS1 hufifia baada ya siku chache za homa, hasa kwa aliyewahi kuugua dengi, na haisemi lolote kuhusu chikungunya, ambayo hata jina lake tumelitoa kwa Wamakonde, wakati kihisi kimoja chaweza kubeba kingamwili za magonjwa kadhaa. Basi narekebisha ombi langu: vipimo vya NS1 vinunuliwe kabla ya masika, na fedha za vihisi zitolewe kwa sharti kwamba vijaribiwe kwa damu ya kidole cha mgonjwa, si kwa maji ya maabara yaliyotiwa protini.