Tupeane uzoefu: stesheni ya zamani ya mji wenu imekuwaje?

Mwana wa Kota, Moshi
Wakuu, nimekulia kota za reli. Reli yetu Mjerumani aliianzia Tanga 1893, Moshi ikafika 1911. Sisi wa miaka ya tisini tukaikuta inakata roho: treni ya abiria ikasimama, nyasi zikaota kwenye mataruma, mbuzi wakajimilikisha jukwaa. Desemba 2019 abiria wakarudi kutoka Dar, mama yangu akaenda kushangilia na kanga mpya. Za kwenu je? Jengo lipo? Nani analitunza?

Asali Chungu, Tabora
Huku treni haikutususa. Reli ya Kati ilifika 1912, Kigoma 1914, tawi la Mwanza 1928 chini ya Mwingereza. Ukipita Saranda usiku bado unagongewa dirisha: "Kuku! Kuku wa moto!" Vinavyopotea ni vile vitu vidogo. Mnakumbuka tiketi za kadibodi ngumu? Karani anaichomeka kwenye mashine ya tarehe, kwaa! Moja ya mashine hizo nimeikuta stoo, inazuia mlango usijifunge. Chuma kizito, maandishi bado yanasomeka.

Seremala Mkimya
Niliwahi kuitwa kutengeneza milango ya stesheni moja ndogo, sitaitaja. Mbao nzima kabisa, bawaba tu ndizo zilizochoka. Bosi akataka aluminiamu. Na ukuta wa chokaa wakaupiga plasta ya saruji: unyevu ukakosa pa kutokea, mvua mbili tu ukaanza kubanduka mapande. Majengo yale yanataka chokaa kwa chokaa, jamani.

Mtaita Halisi, Voi
Wadau, sisi treni ya usiku ya Mombasa tuliagana nayo 2017, SGR ilipoingia. Nakosa ile kengele ya chakula, mhudumu akipita nayo behewa kwa behewa. Nairobi wana makumbusho ya reli tangu 1971, hata behewa ambalo simba alimtolea Ryall, mkuu wa polisi wa reli, pale Kima mwaka 1900 lipo. Vituo vidogo vya huku njiani ndivyo yatima. Makindu imepona kivyake: hekalu la Masingasinga la 1926, lililoanzishwa na watu wa reli, linalisha wasafiri bure mpaka leo.

Wakili wa Kijiweni
Kwa Tanzania, jueni hili. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Stesheni zote za Mjerumani ni za baada ya hapo, kwa hiyo hazilindwi mpaka waziri azitangaze. "Ni ya zamani sana" haimzuii mtu mwenye nyundo.

Mwana wa Kota
Kumbe! Basi aliyewahi kuandika barua ya kumwomba waziri atangaze stesheni aweke nakala hapa, majina ayafute. Asali, hiyo mashine iombe kabla ya wauza vyuma chakavu. Seremala, chokaa inalowekwa muda gani?

Seremala Mkimya
Wiki kadhaa, ndani ya shimo, maji yaifunike. Fundi akikwambia kesho iko tayari, tafuta mwingine.