Nimegongwa kwa nyuma, eksirei haina kitu, lakini shingo imekakamaa. Naombeni ushauri

Mama Tunu (mleta uzi)
Habari zenu wakuu. Kama kuna mtaalamu humu naomba anisaidie.

Siku kumi zilizopita nilikuwa nimesimama kwenye taa nyekundu, gari likanigonga kwa nyuma. Kasi haikuwa kubwa, bampa tu ndiyo ilibonyea. Nilishuka mwenyewe, nikaendesha mpaka nyumbani, na usiku ule sikusikia kitu. Asubuhi yake nikashindwa kuinua kichwa kwenye mto, ikabidi nikishike kwa mikono miwili ndipo niamke.

Hospitali walipiga eksirei wakasema mifupa iko salama. Daktari aliandika "wiplashi", yaani jeraha la shingo kurushwa ghafla, akanipa dawa za maumivu na kola ya shingo. Tangu siku hiyo kola naivua wakati wa kuoga tu. Badala ya kulegea, shingo imekuwa ubao. Kichwa kinauma kuanzia kisogoni hadi nyuma ya macho, nikigeuka ghafla napata kizunguzungu, usingizi hamna. Kazini naanza sentensi halafu nasahau nilichotaka kusema.

Kinachoniumiza zaidi, mume wangu anasema picha ni safi, basi nijikaze. Nimeanza kujiuliza kama kweli ninakuza mambo.

Kaka Mkubwa
Pole sana dada. Hukuzi chochote. Mdogo wangu yalimpata hayohayo, naye gari lake halikuwa na mkwaruzo wa maana.

Tabibu wa Viungo
Pole dada yangu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na watu wa aina yako nawapokea mara kwa mara, wengi wao wakiwa wameshaambiwa na nyumbani kwamba wanajidekeza.

Gari likigongwa kwa nyuma, kiti kinasukuma kiwiliwili mbele, lakini kichwa chenye kilo 4 hadi 5 kinachelewa kufuata. Kwa muda mfupi sana shingo inapinda kama herufi S: pingili za chini zinakunjukia nyuma, za juu zinainama mbele. Kisha kichwa kinarushwa nyuma na kurudi mbele, kama ncha ya mjeledi. Yote yanaisha kabla misuli haijapata nafasi ya kujikaza. Zinazoumia ni nyama, kano na viungo vidogo vinavyoshikanisha pingili kwa nyuma. Eksirei inaonyesha mifupa. Majeraha ya namna hiyo inayapita. Na kwa kuwa uvimbe hujijenga polepole, maumivu huweza kuja baada ya saa kadhaa, hata siku moja au mbili.

Kuhusu kola nitarudi. Kwanza nijibu kwa ukweli: kuna ganzi au kuchomachoma mikononi? Mkono au mguu umepungua nguvu? Umetapika, umechanganyikiwa, au umeshindwa kuzuia haja?

Mama Tunu
Hayo mengine hapana. Ila vidole viwili vya mkono wa kulia vinachomachoma kama sindano, tangu juzi. Sikumwambia mtu, niliogopa kuonekana ninaongeza chumvi.

Tabibu wa Viungo
Rudi kwa daktari leo, dada. Usisubiri kesho. Mwaka 1995 jopo la wataalamu wa Quebec, Kanada, lilipanga jeraha hili kwa madaraja kuanzia 0 hadi 4. Shingo kuuma na kukakamaa bila daktari kuona dalili akikupima ni daraja la 1; akikuta pia haigeuki vizuri, ni la 2. Dalili za mishipa ya fahamu, kama nguvu au hisia kupungua, zinakupeleka la 3, na la 4 ni mfupa kuvunjika au kuteguka. Mara nyingi ganzi hiyo ni mshipa uliokereka tu, lakini lazima mtu akupime nguvu, hisia na kustuka kwa misuli. Mpaka upimwe, usifanye zoezi lolote, wala usikubali mtu akukande au akuzungushe shingo kwa nguvu ili ilie.

Subira
Mama Tunu, nenda tafadhali. Mimi nilikaa miezi minane. Shingo ilipoanza kulegea nilibaki na hofu: kila breki iliyolia nyuma yangu ilinikaza mabega, na maumivu yakarudi upya. Nilipopata mshauri wa kuzungumza naye kuhusu ajali yenyewe ndipo usingizi ukarudi. Mume wako msomeshe uzi huu.

Mama Tunu
Nimerudi baada ya siku tatu. Daktari alinipima kwa utulivu mikono yote. Nguvu ziko sawa, hisia ziko sawa, anasema mshipa umekereka na nimrudie baada ya wiki mbili, au mapema ganzi ikizidi. Ameruhusu mazoezi. Kola je?

Tabibu wa Viungo
Nimefurahi mno. Kola sasa iache. Shingo isipotumika, misuli inanyong'onyea na viungo vinakaza, na jeraha hili hupona vizuri zaidi mtu akirudi kwenye shughuli zake kidogokidogo. Kaa wima, geuza uso kulia taratibu hadi uhisi mvuto, si maumivu makali, rudi katikati, kisha kushoto. Mara 5 hadi 10, mara kadhaa kwa siku. Halafu rudisha kidevu nyuma bila kuinama, hesabu mpaka tatu, achia. Maumivu kuongezeka kidogo kisha kutulia ni kawaida; ganzi ikishuka mkononi, acha. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache hadi miezi mitatu.

Usiendeshe gari mpaka uweze kutazama nyuma ya bega bila kizunguzungu. Na kiegemeo cha kichwa kipandishwe, kilele chake kilingane na utosi, na kiwe karibu na kisogo.

Mama Tunu
Nimeanza leo asubuhi. Kulia nimefika karibu usawa wa bega, kushoto nusu tu. Mume wangu amesoma uzi wote. Ameniomba radhi, kisha akatoka akapandisha viegemeo vya viti vyote vinne.