Mjadala: Hewa ya mashine ya kukaushia nguo itoke nje, au irudishwe ndani wakati wa baridi?

Mleta mada

Wadau, kila majira ya baridi yanapoingia, swali lile lile hurudi katika familia zetu za Maine na Minnesota, Marekani, nami naliweka hapa ili lijadiliwe kwa hoja: je, ni busara kulichomoa bomba linalopeleka nje hewa ya mashine ya kukaushia nguo, ili joto na mvuke wake vibaki ndani ya nyumba? Wanaounga mkono wanasema kwamba tunalipia umeme kuipasha hewa hiyo, kisha tunaitupa nje huku mtambo wa kupasha nyumba joto ukiendelea kuchoma mafuta. Wanasema pia kwamba hewa ya ndani miezi hiyo ni kavu kiasi cha kupasua midomo na kuwatoa watoto damu puani, kwa hiyo mvuke huo ni dawa ya bure. Madukani kunauzwa visanduku vya plastiki vyenye kilango cha kuigeuzia hewa ndani, na vifaa vya namna hiyo vilipata soko bei ya mafuta ilipopanda ghafla baada ya 1973. Msimamo wangu ni kwamba hewa hiyo isirudishwe ndani, na kwamba kanuni zinazokataza jambo hilo zisilegezwe.

Kwanza niliondoe lisilo na mjadala. Mashine inayotumia gesi haihusiki kabisa hapa, kwa sababu hewa yake hubeba mabaki ya mwako, ikiwemo kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua watu wakiwa usingizini. Mpangaji asiyejua mashine yake ni ya aina gani aulize, au aangalie kama kuna bomba la gesi nyuma yake, kabla hajagusa chochote. Ninayoyasema kuanzia hapa yanahusu mashine za umeme peke yake.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Mzigo mmoja wa nguo hula takriban uniti 3 za umeme. Nguo zinapotolewa kwenye mashine ya kufulia huwa bado zimebeba maji ya lita 2 hadi 3, basi tuchukue lita 2 na nusu. Kuyageuza maji hayo kuwa mvuke kunahitaji uniti 1.7 hivi, yaani zaidi ya nusu ya umeme wote uliolipiwa, na hapo ndipo kilipo kiini cha mjadala huu. Joto hilo halielei hewani kama joto ambalo ngozi hulihisi. Limefungwa ndani ya mvuke, na litafunguliwa pale tu mvuke utakapogeuka tena kuwa maji, jambo ambalo halitokei katikati ya sebule. Hutokea palipo na ubaridi kuliko pote: kwenye vioo vya madirisha, kwenye pembe ya ukuta nyuma ya kabati, na kwenye mbao za darini ambako hakuna anayechungulia mpaka ziwe zimeoza. Kwa hiyo anayetaka kulifaidi joto lote alilolilipia anataka, bila kujua, kuta zake zilowe. Na anayetaka kuta kavu hana budi kukubali kwamba zaidi ya nusu ya joto hilo hatalipata kamwe. Faida mbili tunazoahidiwa, joto na unyevu, haziwezi kupatikana zote kwa pamoja.

Tuupime na unyevu wenyewe. Nyumba ya meta mraba 100 yenye dari ya kawaida ina hewa ya meta za ujazo 240 hivi. Kwa joto la nyuzi 21 za Selsiasi, hewa yote hiyo haiwezi kubeba mvuke unaozidi lita 4 na kidogo za maji. Ikiwa na unyevu wa asilimia 30, tayari imebeba lita 1.3. Mzigo mmoja unaongeza lita 2 na nusu kwa muda wa saa moja. Ni kweli kwamba sehemu ya mvuke huo itavuja nje na nyingine itanyonywa na makochi, mazulia na kuta, lakini familia ya watu sita haifui mara moja kwa wiki. Na hewa ya nyuzi 21 yenye unyevu wa asilimia 50 tu huanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi 10, ubaridi ambao vioo vingi vya nyumba kuukuu huupita usiku wowote wa Januari.

Kuna pia nyuzinyuzi zinazochomoka kwenye nguo. Chujio la mashine halizikamati zote, hasa zile ndogo zinazoingia mapafuni, na soksi ya nailoni inayofungwa mdomoni mwa bomba huzuia zile kubwa tu. Ikishaziba, hewa hurudi nyuma na mashine hupata moto kupita kiasi. Idara ya zimamoto ya serikali kuu ya Marekani ilikadiria kwamba kati ya 2008 na 2010 mashine hizi zilianzisha moto takriban 2,900 kila mwaka katika majengo ya makazi, na sababu iliyoongoza, kwa asilimia 34, ilikuwa kutosafishwa. Hewa hiyo hubeba pia kemikali za sabuni na vilainishi vyenye manukato: utafiti wa Chuo Kikuu cha Washington uliochapishwa 2011 ulizikuta kwenye mabomba ya kutolea hewa kemikali zaidi ya 25 za aina hiyo, zikiwemo benzini na asetaldehidi.

Ndiyo maana kanuni ya ujenzi wa nyumba za makazi inayojulikana kama IRC, ambayo majimbo mengi huifuata pamoja na marekebisho yao, inataka unyevu wa mashine hizi upelekwe nje ya jengo, isipokuwa kwa mashine zilizoidhinishwa zinazougeuza mvuke kuwa maji ndani yake zenyewe. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa kwanza, Maine

Ndugu mleta mada, hesabu yako ni nzuri lakini umeikatiza njiani. Umehesabu joto linalotoka na hukuhesabu baridi inayoingia. Mashine hizi husukuma nje meta za ujazo 3 hadi 5 za hewa kila dakika. Kwa saa moja ni kama meta za ujazo 250, yaani zaidi ya hewa yote ya nyumba uliyoitolea mfano, na kila kinachosukumwa nje lazima kifidiwe na hewa ya nje inayopenya kwenye nyufa za madirisha na chini ya milango. Nje kukiwa na nyuzi 15 chini ya sifuri, kuipasha hewa hiyo hadi nyuzi 21 kunataka uniti nyingine 3 za joto. Hasara ya kila mzigo, basi, si uniti 3 bali ni 6.

Hapa kwetu Maine nyumba nyingi hupashwa joto kwa mafuta, na lita moja, ukiondoa inayopotea kwenye mtambo, hutoa uniti 9 hivi. Uniti 6 ni theluthi mbili za lita. Familia ikifua mara tano kwa wiki kwa miezi mitano ya baridi, inatupa nje zaidi ya lita 70 za mafuta. Huenda kwa mwenye nyumba zake lita hizo si kitu, ila kwa familia iliyofika juzi na bado inasubiri kibali cha kufanya kazi, hiyo ni fedha ya chakula.

Kuhusu unyevu, hewa ya nje yenye nyuzi 18 chini ya sifuri, hata ikiwa imeshiba mvuke, ikiingia ndani na kupashwa hadi nyuzi 21 hubaki na unyevu wa asilimia 5 au 6 tu. Wengi wetu tunanunua mashine ya kuchemsha maji ili kuongeza unyevu chumbani, inayokula umeme ule ule, huku upande wa pili wa ukuta tunatupa nje lita 2 na nusu za mvuke uliokwisha kuchemshwa. Mimi nimetundika kipima unyevu ukutani. Kikifika asilimia 35 nakigeuza kilango, hewa inatoka nje. Sioni kosa la mtu anayepima.

Mchangiaji wa pili, Minnesota

Nasema kama mama na kama mpangaji. Kaka yangu wa Maine anapima, na nampongeza, lakini kanuni hutungwa kwa ajili ya jengo lenye familia kumi na mbili, ambamo si kila mtu ana kipima unyevu. Mahali nilipopanga zamani, ukuta wa chumba cha watoto uliota kuvu jeusi, na jibu nililopewa ni kwamba mnapika sana na mnaoga sana. Mwanangu ana pumu. Kanuni ikishalegezwa, ninachokiogopa si mpangaji mwenye kilango chake, bali ni mwenye nyumba atakayeona kwamba halazimiki tena kutoboa ukuta na kulitunza bomba refu. Ataweka kisanduku cha plastiki cha bei ya chini, na kuvu likiota lawama itakuwa ya anayefua.

Nani asiyekumbuka yaliyotokea Rochdale, Uingereza, ambako Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili, alifariki Desemba 2020, na mwaka 2022 uchunguzi wa mahakama ukathibitisha kwamba chanzo kilikuwa kuvu la nyumbani kwao? Wazazi wake walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu.

Swali langu kwa mleta mada: tukitandaza nguo ndani kwenye fremu za kuanikia, si mvuke ni ule ule?

Mchangiaji wa tatu, Edmonton

Kwa ufupi: huku Kanada nyumba nyingi mpya zina mtambo wa kubadilishana hewa, ambao huchukua joto la hewa chafu inayotoka na kulihamishia kwenye hewa safi inayoingia. Teknolojia hiyo ilifanyiwa majaribio kwenye nyumba ya mfano iliyojengwa Regina, Saskatchewan, 1977. Tatizo ni kwamba bomba la mashine ya nguo haliruhusiwi kuunganishwa nao, kwa kuwa nyuzinyuzi huuziba. Je, kuna njia nyingine?

Mleta mada

Nashukuru kwa michango. Hoja ya mchangiaji wa kwanza kuhusu hewa baridi inayoingia ni nzito, na inanipa sababu zaidi ya kutaka bomba lisihitajike kabisa. Ila kwanza aitazame upya hesabu yake ya lita 70. Ameingiza humo uniti 1.7 za kila mzigo zilizofungwa kwenye mvuke, na anapokigeuza kilango kwa asilimia 35, kama afanyavyo kwa busara, sehemu kubwa ya uniti hizo haimpashi joto. Vilevile, nyumba inayovuja kiasi cha kuwa na unyevu wa asilimia 6 ingevuta hewa baridi hata mashine ikiwa imezimwa. Akiba inayobaki ni halisi, lakini ni ndogo kuliko alivyoiandika, na nyuzinyuzi anazovuta watoto wake hazipimwi na kifaa kilicho ukutani.

Kuhusu kuanika nguo ndani, dada wa Minnesota ana haki: mvuke ni ule ule, na joto la kuugeuza linatoka kwenye hewa ya nyumba. Tofauti ni kwamba unatoka polepole, kwa saa nyingi badala ya moja, bila feni ya kutawanya nyuzinyuzi. Kwenye nyumba kavu iliyo chini ya asilimia 30, kutandaza nguo chache katika chumba chenye hewa inayozunguka ni jambo la kawaida. Penye vioo vinavyotoka jasho, hapana. Lililo bora kuliko yote mawili ni kukamua. Kuzungusha nguo kwa kasi zaidi kwenye mashine ya kufulia huondoa maji kwa umeme mdogo sana ukilinganisha na kuyachemsha, na kitufe hicho wengi wetu hatukigusi.

Njia anayoiulizia ndugu wa Edmonton ipo. Mashine ya kukaushia yenye pampu ya joto huzungusha hewa ile ile ndani yake, huugeuza mvuke kuwa maji kwenye sehemu yake ya ubaridi, huliokota joto lililofunguka na kulirudisha kwenye nguo. Maji huingia kwenye chombo au bomba la maji machafu. Hutumia takriban nusu ya umeme wa ile ya kawaida, na umeme huo wote hubaki ndani kama joto. Haivuti hewa baridi kwa sababu haisukumi hewa nje. Ule mvuke ambao ukutani ungeotesha kuvu, humo ndimo pekee unapogeuka maji bila kumdhuru mtu. Uswisi ilikwisha kuzifanya mashine hizi kuwa za lazima sokoni tangu 2012, na Umoja wa Ulaya umefuata kwa kanuni zilizoanza kutumika Julai 2025. Hasara zake nazijua: ni ghali, mara nyingi zaidi ya dola 1,000, hukausha taratibu, na zinataka kusafishwa kwa makini.

Bei hiyo ndiyo ninayotaka tuipiganie badala ya kupigania kilango cha plastiki. Sheria ya Marekani ya 2022 kuhusu mfumuko wa bei iliweka ruzuku ya hadi dola 840 kwa mashine ya aina hii, kwa kaya za kipato cha chini na cha kati, zikiwemo za majengo ya kupanga, na ikaliachia kila jimbo kuendesha mpango wake. Wasiwasi wa dada, kwamba mpangaji hana mamlaka juu ya mashine ya mwenye nyumba, ni wa kweli, na kanuni ya sasa ndiyo silaha aliyonayo: inamtaka mwenye nyumba ama alitunze bomba linalofika nje, ama aweke mashine isiyohitaji bomba. Tukiilegeza, sababu yake ya kuomba ruzuku hiyo itakuwa imekwisha. Waliokwisha kuomba katika majimbo yao, hasa wapangaji waliofanikiwa kumshawishi mwenye nyumba, naomba waeleze hapa walipitia ofisi gani na walitakiwa kupeleka karatasi zipi.